Kilio Tulichokichukua Ikolo

Sikwenda Kyela kwa kupenda. Nilikwenda kwa ajili ya kilio cha dakika moja na nusu ambacho si changu, na njia nzima nilikuwa naomba gari liharibike.

Nianze na sababu, maana msafiri asiyesema kilichomtoa nyumbani ana lake jambo. Mimi ni mpiga ngoma wa bendi iitwayo Tanzia, ya Mbeya mjini. Tunapiga metali, ile nzito ya mwendo wa jeneza: magitaa yamelegezwa nyuzi mpaka yananguruma, ngoma zinakwenda polepole kama watu waliobeba mzigo, mwimbaji anakoroma kutoka tumboni. Wazungu huuita muziki huu death-doom. Mama yangu huuita mashetani. Miaka tisa iliyopita tulitoa albamu yetu ya kwanza, Udongo Mbichi, wakati huo hatuna hata amplifaya ya kwetu wenyewe. Leo kuna vijana Nairobi, Kampala na Lusaka wenye bendi zao wanaosema walianza kupiga baada ya kuisikia, na wote hutaja kitu kilekile: ufunguzi. Albamu inaanza na mwanamke analia. Hakuna gitaa, hakuna chochote, ni kilio cha msibani peke yake kwa dakika moja na nusu, halafu ngoma yangu inaingia. Tukipiga jukwaani, ukumbi mzima hufumba macho na kulia pamoja naye.

Kilio kile alikirekodi kwa simu Ipyana, mpiga gitaa wetu, kwenye mazishi ya binamu yake Gwamaka huko Ikolo, wilayani Kyela. Anayelia ni shangazi yake Ipyana, mama mzazi wa marehemu. Hakuombwa wala hakuambiwa. Sisi wote kwenye bendi tulijua, na wote tulinyamaza, kwa sababu kilikuwa kizuri.

Ipyana alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo. Siku chache kabla hajafa alinipa paketi tupu ya nyuzi za gitaa, na ndani yake mlikuwa na memori kadi ya simu. "Rekodi nzima imo humo," aliniambia. "Mpelekee shangazi. Umwambie ni mimi." Nikaahidi. Kisha nikaitupa kabatini chini ya soksi, nikawa napita mbali na kabati.

Mwezi uliopita kampuni ndogo ya ng'ambo ikataka kuitoa albamu upya kwenye santuri. Ikatuma fomu: mwenye sauti ya ufunguzi aweke sahihi, la sivyo sauti iondolewe. Muhidini, mwimbaji wetu, alinisukumia ile fomu kifuani. "Wewe ndiye uliyeachiwa kadi," akasema. "Na usirudi bila sahihi, Festo. Ufunguzi ukitoka, hatuna albamu." Ndivyo nilivyofunga safari.

Saa mbili asubuhi, Uyole. Nilipata lifti ya Fuso lililokuwa linashuka tupu kwenda kupakia kokoa. Dereva, Asajile, alikuwa mcheshi, mzaliwa wa Kyela, na kwenye redio yake zilikuwa zinapigwa kwaya tupu. Tulipoipita Tukuyu na kuanza kuteremka, migomba imetukaba pande zote na ukungu umekaa juu ya chai, akaniuliza kazi yangu. Nikasema napiga muziki.

"Basi tupigie, kaka. Kwaya hizi nimezisikia tangu Jumatatu."

Nikaunganisha simu yangu. Sijui nilikuwa nataka kujionyesha au nilikuwa nataka mtu wa kunihukumu mapema. Kilio kikaanza. Asajile alisikiliza kama sekunde ishirini, kisha akakanyaga breki, akaliegesha gari pembeni na kuzima injini.

"Huyu mama anamlilia mtoto wake," alisema.

"Ndiyo."

"Unajua anasemaje?"

Miaka tisa nimepiga ngoma nyuma ya ile sauti, na sikuwahi kuuliza. Kinyakyusa sikijui, mimi ni mtu wa Njombe.

"Anasema, nani atanifungia mlango jioni." Asajile aliuchomoa waya kwa mkono wake mwenyewe. "Mmempata wapi? Yeye anajua?"

Nikageukia dirisha, na hilo likawa jibu. Akawasha gari. "Ndugu yangu, mteremko huu una kona nyingi. Kilio cha mtu hakichezwi humu." Tangu hapo hakunitania tena mpaka tunaingia Kyela na joto lake, na nilipokuwa nashuka akasema tu, "Kirudishe."

Saa saba mchana, Bondeni, Kyela mjini. Hapo anaishi Sekela, dada yake Ipyana, anayeuza mchele kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, mbele ya nyumba yake. Tulijuana kwenye mazishi ya kaka yake. Alinipikia wali na samaki wa ziwani, mbasa, akanihimiza nile, na nilipomweleza kilichonileta aliweka kijiko chini.

"Kumbe ndiyo hiyo," akasema. "Mkono mfukoni."

Nilimwuliza mkono gani. Hapo ndipo nikasikia jambo ambalo Ipyana hakuwahi kutuambia. Siku ya mazishi ya Gwamaka watu wote walilia, wanaume kwa wanawake, isipokuwa Ipyana. Alisimama pembeni, mkono juu ya mfuko wa shati, macho makavu. Gwamaka alikuwa na miaka kumi na tisa na aliugua siku mbili tu. Kifo cha namna hiyo watu hukitafutia mtu, na mtu asiyelia msibani huwa amejitaja mwenyewe. Wakasema Ipyana ndiye aliyemla ndugu yake, awe tajiri huko Mbeya na magitaa yake.

"Angesema tu kwamba alikuwa anarekodi," nikasema.

"Aseme nini? Kwamba alikuwa ananasa sauti ya shangazi yake wakati mtoto anashushwa kaburini?" Sekela alitikisa kichwa. "Aliona bora aitwe mchawi. Hakurudi tena nyumbani. Hata maiti yake haikurudi, tukamzika Mbeya kama mtu asiye na kwao. Shangazi hakuja."

Nikauliza shangazi alisema nini miaka yote hiyo.

"Hakuna. Na mimi hilo ndilo linaloniogopesha. Kwetu sisi mtu akiwa na hasira anaisema, anachukua maji, anasukutua, anatema chini, imekwisha. Mkubwa akiwa na hasira na hasemi, inatoka kwenye pumzi zake. Watu wanaugua." Akanitazama. "Figo za kaka yangu, mimi sijui. Nasali, lakini sijui."

Usiku ule nililala Bondeni na sikulala. Nilikuwa na figo mbili, na nilizisikia zote.

Asubuhi, Ikolo. Bodaboda ilinishusha kwenye mji wa akina Gwamaka, nyumba za tofali zenye ua uliofagiliwa, kokoa imeanikwa juani na kutoa ile harufu yake ya uchachu. Sekela alikuwa amenikataza nisiende kwa shangazi kabla sijafika kaburini. Nilipokewa na Mzee Lusekelo, baba mdogo wake Gwamaka, aliyekuwa anageuza kokoa kwa reki. Shangazi mwenyewe alihama baada ya mumewe kufa, akaenda kukaa Matema kwa binti yake.

Mzee Lusekelo alinipeleka nyuma ya nyumba. Kaburi lina saruji, limepakwa chokaa, na msalaba wake umeinama kidogo upande wa migomba. Hata hatujakaa, akanyoosha reki.

"Alisimama pale, penye mgomba ule. Ndugu yake anazikwa, yeye anatazama kama anasubiri chai."

"Nani, mzee?" Nilijua.

"Yule wa Mbeya. Amekufa naye, nasikia." Akanipima kwa macho. "Na wewe ni nani wake?"

"Tulifanya kazi pamoja."

"Kazi gani?"

"Muziki."

"Ah," alisema.

Ndugu msomaji, hapo nilikuwa na jibu mfukoni. Memori kadi ilikuwa kwenye shati langu, mahali palepale simu ilipokuwa kwenye shati la Ipyana, na nikagundua mkono wangu umeshapanda juu yake. Niliushusha upesi. Neno moja lingetosha kumsafisha rafiki yangu, nami nikamezea. Niliogopa wale ndugu wawili watatu waliokuwa wamesogea na mapanga yao ya shambani, ingawa panga kule kila mtu analo. Niliogopa ile reki. Mzee alinipa mkungu mdogo wa ndizi kwa ajili ya njia, nikasema "ndaga fijo", asante sana, kama Sekela alivyonifundisha, na aibu ikanishika mpaka nilipopita Ipinda kwenda Matema.

Saa nane mchana, Matema. Milima inashuka moja kwa moja mpaka ziwani, hivi kwamba kijiji kimebaki na ukanda mwembamba wa mchanga na migomba. Ziwa lilikuwa limechafuka, mawimbi yanapiga kama baharini, na wingu jeusi limetanda juu ya milima. Wanawake wa Kikisi, wafinyanzi, walikuwa wanapanga vyungu vyao kwa ajili ya soko. Nilimwuliza mmoja kwa Mama Gwamaka ni wapi. Akanionyesha kwa midomo tu, kwa sababu mikono ilikuwa na udongo.

Nilimkuta uani na binti yake, Tumpe, wanafunga vyungu kwa majani makavu visivunjike njiani. Nilitarajia mwanamke mkubwa wa kutisha. Alikuwa mdogo, mwembamba, amevaa fulana ya kwaya iliyopauka, na mikono yake ilikwenda haraka. Nikachuchumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo, ila usiyakanyage majani."

"Natoka Mbeya. Naitwa Festo. Nilikuwa rafiki yake Ipyana."

Mikono ikasimama. Kisha ikaendelea. "Ipyana amekufa."

"Ndiyo, mama."

"Nilisikia."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Uyole. Yote yakapotea. Niliyasema mambo shaghalabaghala, santuri kabla ya simu, Nairobi kabla ya Ikolo, fomu, figo, mfuko wa shati, na nilipomaliza nilikuwa nahema. Tumpe alikuwa ameshika mdomo. Mama yake alifunga chungu kimoja mpaka mwisho, akakiweka pembeni.

"Wanaonisikiliza ni wengi?"

"Wengi, mama."

"Wananijua mimi?"

"Hapana."

"Gwamaka wanamjua?"

"Hapana."

"Sasa wanamlilia nani?"

Nikaitoa kadi mfukoni.

"Washa," alisema.

Nikaweka kadi kwenye simu. Sauti ilikuwa ndogo, ziwa linaimeza. Mama Gwamaka akachukua chungu kitupu, akakisogeza kwangu. "Iweke humo." Nikaiweka, na kilio kikapanda kutoka ndani ya chungu, kikubwa, kimeiva, kama kuna mtu amekaa chini ya ardhi pale uani. Nywele zilinisimama. Nimesimama mbele ya spika zenye urefu wa mtu, lakini sijawahi kusikia sauti yenye uzito ule. Aliyelia alikuwa amekaa mbele yangu, kimya, anajisikiliza.

Dakika ya kwanza ikapita. Ile nusu ikapita. Nilijua hasa pale tulipokata, kwa sababu kuna mkwaruzo wa nguo. Nilikumbuka studio, Ipyana kwenye kompyuta, akisema, "Kata hapo, kelele zinaanza," na sauti yake haikuwa sawa siku ile. Hakuna aliyemwuliza kelele gani. Kutoka hapo kwenda mbele nilikuwa sijawahi kusikia, na Mungu anajua nilinyoosha mkono niizime. Mama Gwamaka akaushika mkono wangu, akaurudisha gotini.

Mkwaruzo. Nyayo. Majani makavu ya migomba yakivunjika, kilio cha mama kikibaki nyuma, kikififia. Halafu pumzi, karibu kabisa na simu. Halafu mwanamume akaanza kulia. Alikuwa ameng'ata nguo, hilo lilisikika wazi, na kilio kinatoka puani na kooni, kinakatika, kinarudi. "Gwamaka, we," akawa anasema. "Gwamaka, we." Alilia hivyo kwa muda mrefu, amesahau kabisa kwamba simu inanasa.

Na hapo, nalisema hili kwa sababu nimeahidi kusimulia safari yote, sikio langu la mpiga ngoma likaniambia: hiki ni kizuri kuliko kile. Hiki ndicho kingefaa kufungua albamu. Lilihesabu hata mahali ngoma ingeingia. Tangu Uyole nilikuwa nimemwogopa mama huyu, nimewaogopa watu wa Ikolo, nimeogopa pumzi zao. Pale uani nilijiogopa mwenyewe, na hofu ile ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Huyo ni Ipyana," alisema Mama Gwamaka.

"Ndiyo, mama."

"Sikuulizi, nakwambia. Nimembeba mgongoni huyo, mama yake alipougua. Kulia kwake nakujua." Sauti ikaanza kupanda. "Miaka tisa! Nimekaa hapa nikisema moyoni, huyu amemla mwanangu. Kila nikisali nasema, Bwana, yule umwone. Ameugua, nikasema, ameonekana. Amekufa, sikwenda. Mtoto wa kaka yangu! Na alikuwa pale nyuma ya migomba!"

"Mama," Tumpe akasema.

"Niache niseme!" Akanigeukia, na alikuwa amesimama. "Na nyie! Mlikuwa na hiki chote. Mkachukua changu, mkatupa chake, mkasema ni kelele. Mkaniacha namchukia mtoto bure mpaka kaingia kaburini. Mnataka kilio? Mkitaka kilio, lieni vyenu! Mna mama zenu, mna wafu wenu. Changu nirudishie."

Nilibaki nimechuchumaa. Nilidhani atanipiga, na ningekaa nipigwe. Badala yake alikwenda kwenye ndoo, akachota maji kwa kikombe cha plastiki, akasukutua na kutema chini, mbele ya miguu yangu.

"Nimesema," alisema kwa sauti ya kawaida. "Karatasi yako sitii sahihi. Hiyo kadi nipe. Na hicho kidude chako kipeleke mbali."

Nilichomoa kadi, nikaitia kwenye paketi yake ya nyuzi, naye akaifunga kwenye pindo la khanga. Simu niliizima, nikaipeleka hadi kwenye uzio, nikaitumbukiza ndani ya chungu na kukijaza majani. Nilipogeuka alikuwa amejifunga khanga nyingine kiunoni. Akaanza kulia.

Sitawaeleza alivyolia. Wanawake wa vyungu walikuja wakikimbia, udongo mikononi.

"Nani amekufa?" mmoja aliuliza.

"Ipyana," Tumpe alisema. "Mtoto wa mjomba."

"Lini?"

Tumpe alimtazama mama yake. "Leo," akasema.

Basi wakaketi chini, wakalia naye. Mvua ikateremka milimani ikatukuta palepale, na hakuna aliyeondoka. Nami, niliyekaa na macho makavu kwenye mazishi ya Ipyana nikijiona mwanamume, nililia. Nililia changu.

Kesho yake, Ikolo tena. Mama Gwamaka alikuwa amenitwika ujumbe, nami safari hii sikumezea. Nilimwambia Mzee Lusekelo yote, mbele ya wale ndugu na mapanga yao, nikisimama penye mgomba uleule. Mzee aliiegemea reki yake.

"Alilia wapi?"

Nikamwonyesha, kule nyuma, kwenye majani makavu. Alikwenda mpaka pale akatazama chini, kana kwamba miaka tisa majani hayajaoza. "Tutakuja Mbeya," alisema aliporudi. "Ukoo mzima. Utuonyeshe kaburi."

Mchana, njia ya kurudi. Asajile alinikuta kituoni Kyela, gari limejaa magunia ya kokoa.

"Umekirudisha?"

"Nimekirudisha."

Akafungua mlango. Tulipokuwa tunapanda kuelekea Tukuyu alinipa mwenyewe ule waya, nikampigia wimbo wa pili, wenye ngoma na magitaa tu. Alisikiliza mpaka mwisho, uso umekunjamana.

"Polepole hivi," akasema, "mnafika lini?"

Muhidini hakucheka niliporudi na fomu tupu. Tuligombana siku mbili. Siku ya tatu nilimpeleka kwenye kaburi la Ipyana, nikamweleza mambo ya mfuko wa shati, na hakuzungumzia sahihi tena. Nilichojifunza si kikubwa. Nilipiga muziki wa kutisha kwa miaka mingi nikidhani hofu ni ngurumo, kumbe hofu ni mtu mwenye sikio zuri na moyo uliolala, na mtu huyo alikuwa anakaa kwangu. Siku hizi namchunga.

Udongo Mbichi itatoka kwenye santuri, na itaanza na ngoma yangu peke yake. Najua watu watalalamika, watauliza kilio kimekwenda wapi. Kiko Matema, kwa mwenyewe.